Ugomvi wao, utepe wetu: tunavyolinganisha huduma za Tanzania na Kenya

Kwa mkazi wa Arusha au Moshi, Kenya si nchi ya kusomwa gazetini tu. Namanga iko kilomita mia na kidogo kutoka Arusha mjini, na Holili haifiki mwendo wa saa moja kutoka Moshi. Watu wanavuka kila siku kwenda sokoni, hospitali na shuleni, wanarudi na hukumu zao: kule umeme ghali, kule shule zina pesa, kule madaktari wamegoma tena. Vyombo vya habari vinazichukua hukumu hizo, vinaziongezea tarakimu mbili tatu, na mjadala unaanza upya: nani anawahudumia wananchi wake vizuri zaidi?

Swali lenyewe ni halali. Shida iko kwenye mizani. Habari ya huduma nchini Kenya kwa kawaida huzaliwa kwenye ugomvi: mgomo, kesi Mahakama Kuu, kamati ya Bunge inayombana waziri mbele ya kamera, gavana anayevutana na Wizara ya Fedha. Habari ya huduma Tanzania kwa kawaida huzaliwa kwenye uzinduzi: waziri, jiwe la msingi, utepe, na mabilioni yaliyotengwa. Mhariri akiziweka habari hizo mbili ukurasa mmoja na kuziita ulinganisho, anachopima ni ugomvi wa jirani dhidi ya utepe wetu. Nairobi nao wana toleo lao: wakichoka na serikali yao wanaitazama Tanzania kama nchi isiyo na kelele, na kukichukulia kimya hicho kuwa ni ushahidi wa huduma nzuri.

Tuanze na umeme, maana ndiko hesabu inakoharibika kirahisi kuliko kwingine. Wapo wanaoandika kwamba umeme wa Kenya ni ghali mara nne au tano kuliko wetu. Njia yao ni moja: wanachukua TSh 100 kwa uniti, wanaiweka mbele ya bei ya mwisho anayolipa Mkenya baada ya tozo zote, kisha wanagawanya. Lakini TSh 100 ni bei ya kundi la D1 pekee, yaani mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya juu yake ni TSh 350. Kundi la kawaida, T1, hulipa TSh 292. Bei zote hizo ni kabla ya VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Ukizijumlisha, uniti ya D1 inafika TSh 122 na ya T1 inapita kidogo TSh 356.

Upande wa pili, bei zilizoanza Aprili 2023 nchini Kenya ziliweka ngazi tatu kwa mteja wa nyumbani: KSh 12.22 kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, KSh 16.30 kwa wa uniti 30 hadi 100, na KSh 20.97 kwa anayepita hapo. Nazo ni kabla ya tozo. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme shilingi moja ya Kenya ni TSh 19. Ngazi ya kati inakuwa kama TSh 310. Iweke kando ya TSh 292 ya T1: tofauti ni TSh 18. Huo ndio ulinganisho wa bei ya msingi kwa familia ya kawaida ya mjini, na hauna kichwa cha habari cha kushtua.

Tanzania inaiacha Kenya mbali chini kabisa ya ngazi. Mkenya wa kipato kidogo analipa sawa na TSh 232 kwa uniti na nafuu yake inaishia uniti 30. Mwenzake wa D1 analipa TSh 100 na nafuu inakwenda hadi 75. Hapo pana sera ya kujadiliwa, na ajabu ni kwamba ndipo habari zinapopapita. Nani hasa anafaidika na uniti 75? Friji ya kawaida inakula uniti moja hivi kwa siku, kwa hiyo 30 kwa mwezi. Shawa ya umeme ya kilowati 5 inamaliza uniti moja kwa dakika 12. Familia ya watu wanne Arusha, kwenye baridi ya Juni na Julai, kila mmoja akioga dakika sita, inatumia dakika 24 kwa siku: uniti 2, au 60 kwa mwezi. Friji na shawa peke yake zimeshafika 90. Familia hiyo haiishi kwenye dunia ya TSh 100, na mwandishi anayeitumia bei hiyo kumwelezea mkazi wa Njiro, Arusha, au Shanty Town, Moshi, anaandika juu ya mtu mwingine.

Kinachoipandisha bei ya Kenya ni mistari inayofuata kwenye risiti: gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya sarafu ya kigeni, mfumuko wa bei, asilimia 5 ya umeme vijijini, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Gharama ya mafuta na ya sarafu hubadilika mwezi hadi mwezi, na Mkenya anaiona. Kwenye risiti ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, hakuna mstari wa mafuta wala wa dola. Haimaanishi kwamba gharama hizo hazipo. Shilingi ikiyumba, TANESCO, shirika letu la umeme, inabeba kwanza, na nyuma yake iko bajeti ya Serikali, ambayo ni kodi yetu. Mkenya analipa mzigo huo kwenye tokeni, Mtanzania anaulipia kwingine na hapewi risiti yake.

LUKU nayo ina mtego wake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo. Ilianza kwa TSh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi TSh 1,500. Mteja wa T1 akinunua umeme wa TSh 10,000 anapata uniti 28 na kidogo. Akinunua mara ya kwanza mwezi huo, kodi inatoka kwanza, kinachobaki ni TSh 8,500, na uniti zinashuka hadi 23.9. Akiwa hakununua mwezi uliopita, deni la miezi miwili linakatwa pamoja. Anapiga picha risiti, anaisambaza, na kesho yake kuna habari kwamba umeme umepanda kimyakimya. Kenya kodi ya aina hiyo inadaiwa na kaunti, nje ya tokeni. Kwa hiyo anayelinganisha kwa kununua umeme wa pesa sawa pande mbili za mpaka, njia ambayo inaonekana ya haki kabisa, anakuwa amelinganisha umeme na kodi kwa upande mmoja na umeme mtupu kwa upande wa pili.

Gharama ya kuunganishiwa ni hivyo hivyo. Kijijini Tanzania ni TSh 27,000. Mjini ilirudishwa TSh 320,960 mwaka 2022 baada ya miezi ya bei moja nchi nzima. Mradi wa Last Mile wa Kenya, wa kuwaunganishia wananchi umeme, ulipanga KSh 15,000, kama TSh 285,000 kwa hesabu yetu. Ukitaka Tanzania ishinde unaandika kijiji, ukitaka ishindwe unaandika mji, na hujasema uongo mahali popote.

Kisha kuna habari ya umeme wa Ethiopia, na hii inatuhusu sisi wa kaskazini moja kwa moja. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkoani Kilimanjaro alisema mikoa ya kaskazini itapata umeme wa kununuliwa kutoka Ethiopia kupitia Kenya, akataja hasara ya takriban TSh bilioni 32 kwa mwaka inayotokana na kusafirisha umeme kuuleta huku. Mjadala uliolipuka ulikuwa wa uzalendo: tumejenga bwawa la megawati 2,115 kule Rufiji, tunaambiwa kuna ziada, sasa tunanunua nje kwa nini?

Jibu la kiufundi ni fupi, na lilistahili kutangulia. Umeme mwingi unazalishwa kusini na pwani, sisi tuko mwisho wa njia ndefu. Mkondo ukizidi kwenye nyaya, upotevu unaongezeka kwa mraba wake: mzigo ukiongezeka maradufu kwenye njia ile ile, joto linalopotea ni mara nne. Volti nazo zinashuka jioni watu wanapowasha majiko na pasi. Ndio umeme mdogo tunaoufahamu, taa inawaka kama imechoka, friji inavuma na haipoi, kompresa inakufa kabla ya siku zake. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga, kituo cha Lemugur hapa Arusha hadi Singida, yenye zaidi ya kilomita 500, iliwashwa Desemba 2024. Kwa Lemugur, Isinya ni jirani; Rufiji iko mbali. Kenya yenyewe inanunua megawati 200 kutoka Ethiopia tangu Novemba 2022 kwa njia ya kilovolti 500 inayoishia Suswa.

Hiyo haimaanishi mpango huo usihojiwe. Unahojiwa kwa bei ya uniti ikifika Lemugur baada ya Kenya kukata ada ya njia yake, kwa kifungu cha mkataba kinachosema kama tutalipa hata tusipoutumia umeme huo, na kwa saa za siku ambazo unaingia. Halafu unaweka jumla yake kando ya zile bilioni 32. Wahariri wa pande zote mbili waliacha maswali hayo na kushindania nani amemtegemea nani.

Haki yao tuwape pia: mgao wa umeme ulipoibana Tanzania kuanzia Septemba 2023, vyombo vyetu viliuandika kila siku, na gridi ilipoanguka nchi nzima Aprili 1, 2024, hakuna aliyeificha. Gridi ya Kenya nayo ilianguka Agosti 25, 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani. Tofauti ilikuwa kwenye yaliyofuata. Nairobi walitafuta jenereta ipi haikuwaka na nani alikuwa zamu. Huku tuliambiwa mafundi wanashughulikia, na umeme uliporudi habari ikaisha. Kipimo cha kukatika kwa umeme kipo, nacho ni wastani wa mara ngapi mteja mmoja amekatikiwa kwa mwaka na kwa jumla ya saa ngapi. EWURA na mwenzake wa Kenya, EPRA, hutoa taarifa zenye tarakimu za aina hiyo. Nadra kuziona zimewekwa jedwali moja.

Kwenye afya, kelele na kimya ndivyo vinavyopotosha zaidi. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Kwetu mgomo mkubwa wa mwisho wa madaktari ulikuwa 2012. Msomaji anahitimisha kwamba hospitali zetu zina amani na zao zina vurugu. Lakini kumbuka kilichotokea Machi 2017. Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania, Rais Magufuli akakubali, mahakama ya Kenya ikazuia, na mwezi uliofuata Magufuli akaagiza waliokidhi vigezo, 258, waajiriwe hapa hapa. Vyombo vingi viliandika habari ya ukarimu na ya jirani asiye na shukrani. Swali lililokuwa mezani lilikuwa jingine: nchi yenye uhaba wa madaktari ilikuwa na mamia ya madaktari waliohitimu wasio na ajira, na haikuonekana kwa sababu hawakugoma. Asiyeajiriwa hana kazi ya kuigomea.

Pia hakuna kitu kinachoitwa kwa jumla hospitali ya Kenya. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ni mali ya kaunti 47, kila moja na bajeti yake na ratiba yake ya kuchelewesha mishahara, na hospitali za rufaa za taifa ziko chini ya serikali kuu. Kwetu zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, ila ajira hutoka Dodoma. Anayetaka kulinganisha Moshi na upande wa pili aichukue Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, aiweke mbele ya hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Taita-Taveta iliyoko Voi. Akiipeleka KCMC, ambayo ni ya kanda na inapokea wagonjwa wa mikoa kadhaa, amempanga bondia wa uzito wa juu na wa uzito wa unyoya. Wanaofanya hivyo ni wengi, kwa kuwa KCMC ndiyo inayojulikana.

Bima nayo. Kenya iliifuta NHIF yake, mfuko wa bima ya afya, na kuanza mfumo mpya wa SHA Oktoba 1, 2024, kwa makato ya asilimia 2.75. Tanzania NHIF inapokea asilimia 6 kwa mtumishi wa umma. Mwandishi anaandika kwamba Mtanzania anakatwa zaidi ya mara mbili. Sivyo. Asilimia 6 inagawanywa nusu kwa nusu, 3 za mfanyakazi na 3 za mwajiri, na inakokotolewa kwenye mshahara wa msingi. Ile 2.75 inatoka kwa mfanyakazi mwenyewe, haina ukomo wa juu, na inakokotolewa kwenye mshahara ghafi pamoja na posho. Mchukue mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa TSh 800,000 na posho za TSh 200,000. Kwa kanuni yetu anakatwa TSh 24,000 na mwajiri anaongeza 24,000. Kwa kanuni ya Kenya angekatwa TSh 27,500 na mwajiri asingeongeza kitu. Kwa hiyo mfukoni kwake Mkenya anaumia zaidi, na mfuko wa kwao unapata pungufu ya wetu. La kwanza ni kinyume cha kichwa cha habari, la pili hakikulitaja.

Shule nitazipitia haraka. Ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari Kenya imeandikwa KSh 22,244 kwa mwaka. Kwetu ni TSh 25,000, na fidia ya ada TSh 20,000 kwa wa kutwa. Pengo ni kubwa mno, hakuna hesabu ya kulifunika. Ila Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba fedha zilizopo zinatosha KSh 16,900 tu. Kiwango kilichoandikwa na kiwango kinachofika shuleni ni vitu viwili, hata huku, ambako sehemu ya ruzuku hubaki serikalini kununulia vitabu na mwalimu mkuu haioni kwenye akaunti.

Maji yanaonyesha udhaifu wa habari za utepe waziwazi. Mradi mkubwa wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, wa TSh bilioni 520, ulitangazwa kuongeza uzalishaji wa Arusha kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Huo ni uwezo wa mitambo na visima. Mwananchi anahitaji kujua saa ngapi kwa siku maji yanatoka mtaani kwake, kiasi gani kinapotea njiani kabla ya kulipiwa, na, kwa Arusha, floridi iko miligramu ngapi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vya kuzunguka Meru yanaeleza tatizo hilo kuliko ripoti nyingi. Moshi, yenye chemchemi za Kilimanjaro, si kipimo cha haki kwa Arusha kwenye jambo hilo. Mji unaofaa kulinganishwa na Arusha ni Nakuru, iliyo kwenye Bonde la Ufa na yenye adha ya floridi vile vile. Lakini Nakuru ikitajwa huku Arusha, hutajwa kwa barabara na hoteli.

Sehemu ya tofauti ya kelele inatokana na kalenda. Kwetu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, kisha inakwenda bungeni. Matokeo yake ni msimu mmoja: Aprili nzima kila mtu anaandika CAG, Mei tumeshasahau, na hoja za halmashauri moja moja zinazama chini ya zile za mabilioni. Kenya ripoti zinakwenda Bunge na mabaraza ya kaunti, na kaunti moja ikinyamaza nyingine inalipuka, hivyo habari zinatiririka mwaka mzima. Zote mbili zinazungumzia mwaka wa fedha ulioishia Juni 30 iliyotangulia. Anayeweka ripoti ya Kenya iliyosomwa Februari kando ya hotuba ya bajeti yetu ya Juni analinganisha fedha zilizokwisha kutumika na fedha zilizoahidiwa.

Kwa mwandishi wa Arusha au Moshi, mlango mmoja uko wazi na hautumiki vya kutosha. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na humo husomwa taarifa za utekelezaji zenye tarakimu za zahanati, shule na barabara za kata. Tarakimu ikikosekana, sheria za kupata taarifa zipo pande zote mbili, zote za mwaka 2016: Kenya ofisi ina siku 21 kujibu, Tanzania siku 30, na kote haki hiyo ni ya raia. Mtanzania hawezi kuiandikia Kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya Namanga, kwa jina lake, kwa hiyo anahitaji mwenzake wa Kajiado, naye mwenzake anamhitaji wa Longido, wilaya yetu ya mpakani. Ombi liwe la maandishi, litaje kipindi, kituo na kipimo, mfano siku ambazo kila zahanati ya Longido ilikaa bila dawa ya malaria kati ya Julai na Desemba. Ukiomba "hali ya afya wilayani" unaletewa hotuba. Nakala igongwe muhuri wa mapokezi, maana bila tarehe ya kupokelewa hakuna pa kuanzia kuhesabu zile siku 30.